Reli ya Nyamizi Juu ya Mlango

Reli ya kwanza kufika Bariadi mjini ilijengwa na mwanamke mmoja, Nyamizi binti Luhaga, ikakamilika kwa miezi miwili bila kubomoa nyumba ya mtu wala kuhamisha kaburi la mtu, na mkoa mzima wa Simiyu haujapata kuona mhandisi wa namna hiyo. Kusema kweli reli yenyewe ilikuwa juu ya mlango wa zamani wa choo, na mtu akipiga chafya karibu nayo stesheni zote mbili zilihama.

Mambo yalianza mwezi wa sita, sokoni, kwenye turubai la Abdulrazak. Huyu Abdulrazak ni mtu wa Tanga, yuko Bariadi akiuza mitumba mwaka wa kumi na mbili huu, na mpaka leo bado anazilalamikia nazi za hapa kana kwamba zilimtukana. Msimu huo alikuwa ameongeza vitu vya watoto: wanasesere wenye jicho moja, magari yaliyopoteza magurudumu, dubu walionyonyoka manyoya. Katikati ya majeruhi hao Nyamizi akaona kichwa cha treni cha kijani, urefu wa kiganja, kimefungwa pamoja na mabehewa mawili kwa mpira wa nywele.

Akakiokota. Akakigeuza huku na huku, akakuta kitufe mgongoni, akakibonyeza. Magurudumu yakaanza kuzunguka yenyewe na kumtekenya kiganjani.

"Kinatumia betri moja tu," Abdulrazak akasema. "Kama ya saa ya ukutani."

"Reli yake iko wapi?"

"Reli haikuja, bibi. Kilichokuja ndicho hicho."

"Sasa treni bila reli mtu anaifanyia nini?"

"Anaiweka juu ya kabati, wageni wanaiona."

Nyamizi hakuwa na kabati, na wageni wake walikuwa watu wa kutazama sufuria kwanza. Lakini alizaliwa Malampaka, nyumba ya tano kutoka stesheni, na utoto wake wote aliwauzia abiria karanga za kuchemsha madirishani, akikimbia sambamba na behewa ili arudishiwe bakuli lake treni ikishaanza kuondoka. Tangu aolewe Bariadi alikuwa hajaisikia treni hata kwa mbali. Huku haifiki. Akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo lililomtia Abdulrazak wasiwasi.

"Umenunua nini tena, Mama Joyness?"

Aliyeuliza ni Stephania, Mama Dastan. Alikuwa amesimama kwenye dagaa, hatua nne tu kutoka hapo, kwa hiyo kila kitu alikuwa amekiona. Aliuliza kwa ajili ya kuanzisha maneno.

Hawa wawili walikuwa na shauri lao la siku nyingi. Stephania alitoka Nassa, kule ziwani, akaolewa mtaa uleule na Nyamizi, mwaka uleule, na tangu hapo haijajulikana nani mkubwa kati yao. Huku mdogo ndiye anayepiga magoti kumwamkia mkubwa, na hakuna mtu wa kulihoji hilo. Lakini mdogo akikosekana? Vitambulisho vya taifa vilipokuja walikwenda kuviomba pamoja, kila mmoja na matumaini yake, na karani akawaandikia wote wawili tarehe moja, ileile aliyowaandikia wazee wote wasioijua siku yao. Basi tangu waolewe, miaka hamsini sasa, kila walipokutana walisimama wima kama nguzo za umeme wakaamkiana "Mwangaluka" kwa wakati mmoja, kila mmoja akichungulia goti la mwenzake.

"Nimenunua treni," Nyamizi akasema.

"Inakwenda wapi?"

"Malampaka. Nikishamaliza reli."

"Reli anajenga nani?"

"Unamwona nani mwingine amesimama hapa?"

Stephania akacheka mpaka mwuza dagaa akaushikilia mzani wake. "Huyu," akamwambia mwuza dagaa, "banda lake la kuku nililifunga mimi. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka wanavyotaka, kama wako gesti."

"Nitaijenga. Na treni itazunguka mara tano bila kuguswa na bila kuanguka."

"Ikianguka?"

Hapo Nyamizi angeweza kunyamaza. Watu wengi wameokolewa na kunyamaza, ila yeye hajawahi kuwa mmoja wao.

"Ikianguka nitakupigia magoti hapahapa sokoni, kila tukikutana, nikuamkie kama dada yangu mkubwa mpaka siku nitakayozikwa. Isipoanguka, utapiga wewe."

Mwuza dagaa akaacha kupima. Abdulrazak akasema yeye atakuwa shahidi, kwa kuwa ametoka mbali na hana upande.

"Mikono miwili lakini," Stephania akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Hiyo yako. Asije akaingia humo yule mkwilima wako wa gengi."

Mkwilima aliyesemwa ni Justine, mume wa Joyness, binti wa Nyamizi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja kwenye gengi la kutengeneza reli pale Malampaka, kabla hajaja kufungua karakana ya baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe wake. Kwa ukaribu huo wangeweza kuonana mara kumi kwa siku, na walifanya kazi kubwa kuhakikisha hawaonani. Mkwilima na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa katikati. Justine aliishika heshima hiyo kuliko wengi. Siku moja alimwona Nyamizi anakuja kwenye njia nyembamba, akaingia kwenye zizi la watu, akakaa humo kati ya ng'ombe mpaka mama mkwe alipopita, na mwenye zizi alipomkuta ikabidi aulize bei ya ndama.

"Mkwilima wangu?" Nyamizi akasema. "Unataka nikae na mkwe wangu meza moja tuhesabu mataruma? Umeanza kuchanganyikiwa, Mama Dastan. Hiyo ni dalili kwamba mkubwa ni wewe."

Watu wakacheka, na lile la Justine likapita hivyohivyo.

Nyamizi alianza na mlango. Ule wa choo ulikuwa umebadilishwa mwaka jana, wa zamani umeegemezwa nyuma ya nyumba. Akausugua kwa sabuni ya unga na mchanga siku mbili, akauanika, akaunusa, akausugua tena, halafu akaulaza juu ya meza ya sebuleni. Mataruma, yaani vile vigogo vinavyobeba vyuma vya reli, aliyatoa shambani. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa na mabua yake yanangoja kung'olewa na kuchomwa. Akachagua yaliyonyooka, akayakata vipande vya urefu wa kidole, mia mbili na kitu, akayakausha juani juu ya bati.

Vyuma vilitoka kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Marobota hufungwa kwa mikanda myembamba ya chuma, na inayokatika hutupwa nyuma ya ukuta, haina mtu wa kuitaka isipokuwa wenye mageti mabovu na, msimu huo, Nyamizi. Mkanda ukiulaza haufai kitu. Ukiusimamisha kwa ubavu, ukauchomeka kwenye mkato uliochanjwa kwa msumeno juu ya taruma, unasimama kama reli kabisa na gurudumu linaukubali. Hilo alilivumbua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na ni haki lisemwe mapema kabla mambo hayajaharibika.

Kipimo chake kilikuwa kizibo cha soda. Kila alipochanja taruma alikiweka kati ya mikato miwili: kikipita kwa taabu, sawa, kikilegea, taruma linakwenda jikoni. Maharage yalipikwa mara nne kwa mataruma yaliyokataliwa. Ili kuupinda mkanda ukate kona, aliuzungushia sufuria, ile kubwa ya misibani, akaugonga kidogo kidogo kwa mwiko mpaka ukakubali. Kona zote mbili za reli ya Bariadi, kwa hiyo, zilikuwa na mzunguko wa ugali wa watu arobaini.

Stesheni ya Malampaka ilikuwa boksi la kiberiti. Stesheni ya Bariadi ilikuwa boksi la majani ya chai, kubwa mara nne, kwa sababu mjenzi alikuwa mkazi wa Bariadi. Kati ya stesheni hizo aliweka majaruba ya mpunga ya vipande vya kioo, mawe mawili ya kuwakilisha vilima, marobota ya pamba halisi yaliyofungwa kwa uzi, ng'ombe kumi na mmoja wa udongo, na mwanamke mmoja wa udongo mwenye bakuli kichwani anayekimbia. Chini ya reli alimwaga mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa kichujio cha chai, badala ya kokoto.

"Mama, hii ni ya nini hasa?" Joyness akamwuliza siku moja, amesimama mlangoni na mwanawe Precious mgongoni.

"Ni ya kuzunguka."

"Ikishazunguka?"

"Inazunguka tena."

Joyness akafikiri kidogo. Hakupata pa kushika. Akaaga.

Mwezi wa nane ulipoingia treni ikawekwa juu ya reli. Iliondoka Bariadi vizuri tu, ikapita majaruba, ikapita ng'ombe, ikaingia kona ya Malampaka na kujitupa nje kama mlevi aliyesukumwa kutoka kilabuni. Nyamizi akairudisha. Ikaondoka Bariadi vizuri tu, ikajitupa palepale.

Akabadilisha betri, akaweka iliyochoka, ili iende taratibu. Ikaenda taratibu mpaka ikasimama katikati ya mpunga. Akaweka mpya, ikaanguka kwa nguvu mpya. Akakandamiza mikanda, akapanua kona kwa kutumia sufuria ya harusi badala ya ile ya msiba, akahamisha ng'ombe wasije wakaumia. Akaisema vibaya kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Siku tisa mfululizo ilianguka, na kila ilipoanguka Nyamizi alijiona sokoni, magoti yake kwenye vumbi mbele ya dagaa, na Stephania amesimama juu yake akiitikia salamu polepole, bila haraka, kama mtu anayekula muwa.

Siku ya ushindani ilikuwa imekwisha kutajwa. Zilibaki wiki mbili.

Siku ya kumi Joyness akaja kuchukua chumvi.

"Mama, Baba Precious anauliza inaangukia nje au ndani."

"Nini kinaanguka?"

"Treni."

"Mwambie hakuna kinachoanguka nyumba hii."

Joyness akamtazama ng'ombe mmoja wa udongo aliyevunjika pembe. "Haya, nitamwambia hivyo."

"Na kama ingekuwa inaanguka," Nyamizi akasema, macho kwenye ungo wake wa mchele, "ingekuwa inaangukia nje. Kona ya Malampaka. Lakini haianguki. Hayo usimwambie."

Joyness ni binti mwenye akili. Alikwenda akamwambia.

Kesho yake asubuhi Nyamizi alitoka uani akasema, kwa sauti ya kufika nyumba ya sita, kwamba anakwenda mashine kusaga, kwamba mashine kuna foleni, kwamba hatarudi kabla ya saa sita, na kwamba mlango wa mbele anauegesha tu kwa sababu kitasa kinasumbua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Ndani aliiacha treni palepale ilipoangukia, ubavu chini, kama maiti inayongoja polisi. Akajitwika ndoo ya mahindi akaondoka. Alipopita karibu na karakana, mtu fulani aliinama ghafla nyuma ya tairi. Nyamizi akaendelea na njia yake na hakugeuka nyuma, maana asiyegeuka hajaona kitu, na asiyeona kitu hawezi kuulizwa.

Aliporudi, treni ilikuwa imesimama stesheni ya Bariadi, imenyooka, kama inangoja abiria. Akatua ndoo, akabonyeza kitufe. Ikaondoka. Ikapita majaruba, ikapita ng'ombe, ikaingia kona ya Malampaka, ikainama kidogo kwa ndani kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, ikatokea upande wa pili.

Nyamizi akaketi. Akaiacha ipite mara tatu, kisha akafukua mchanga kwa ncha ya kijiko. Chini ya mataruma, upande wa nje wa kona, kulikuwa na vipande vidogo vya boksi, la spea za baiskeli kwa kuangalia maandishi yake. Kilianza kimoja, vikafuata viwili, kisha vitatu, halafu vikapungua tena hivyohivyo kona ilipokuwa inakwisha. Upande wa ndani havikuwepo. Kwa nini viwe nje tu, hakujua. Kumwuliza Justine hakuweza. Angeweza kumtuma Joyness akaulize, lakini kuuliza kungekuwa kukubali kwamba yupo wa kuulizwa, na mikono ilikuwa iwe miwili. Akavifukia vizuri, akasawazisha mchanga kwa kidole. Hakumwona mtu. Mbele ya baraza lolote la kijiji angeapa hivyo, na angekuwa anasema kweli.

Ile kona nyingine, ya Bariadi, nayo ikaanza kuleta maneno mzunguko wa tatu. Nyamizi akatangaza tena uani kwamba anakwenda mashine. Mahindi yalikuwa yamekwisha; alisaga mtama aliouweka wa mbegu. Aliporudi, kona ya Bariadi ilikuwa imepata akili kama mwenzake.

Baada ya hapo akaanza kuzungumza. Alizungumza kisimani, alizungumza kanisani kabla ya ibada na baada yake, alizungumza kwa mwuza dagaa mbele ya Stephania. Yeye peke yake, alisema, na Mungu. Siku nyingine alisema hata Mungu alikaa pembeni akitazama. Alieleza jinsi ya kuchanja taruma na jinsi ya kusimamisha mkanda, na kwa kuwa hayo ni kweli aliyafanya, aliyaeleza vizuri mno, na yale mengine yakapita katikati yake bila kuulizwa kadi.

"Na kona?" Stephania akamwuliza siku moja. "Treni yangu ya kwanza kupanda, kila kona nilimkumbatia mtu nisiyemjua."

"Kona ni mkono tu," Nyamizi akasema. "Mkono unajua wenyewe."

Stephania alichagua dagaa wake mmoja mmoja, kama kawaida yake, akawafunga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Stephania alikuja na kigoda chake, kwa sababu hakuviamini viti vya nyumba ile. Abdulrazak alikuja na betri mpya bado imo kwenye karatasi yake, asije mtu akasema betri imefanyiwa kitu. Majirani wawili walisimama mlangoni, na Joyness akapita na chai. Nje ya dirisha, nyuma ya ua wa minyaa, ilisikika pampu ya baiskeli. Mtu alikuwa anajaza upepo kwenye tairi ambalo, kwa muda aliotumia, lilipaswa kuwa limepasuka.

Wale wakubwa wawili walisimama wakasema "Mwangaluka" kwa wakati mmoja.

"Ya mwisho hiyo," Nyamizi akasema.

"Ya mwisho," Stephania akakubali, akatua kigoda chake.

Aliikagua reli yote kwanza, kutoka juu, mikono mgongoni, kama afisa aliyetumwa kutoka wilayani. Akaisifia stesheni ya Bariadi. Akauliza mwanamke wa udongo anamkimbilia nani, akaambiwa anafuata bakuli lake, akasema kweli, abiria wa zamani walikuwa wezi. Abdulrazak akatia betri, akaiweka treni mbele ya boksi la majani ya chai, akabonyeza, akainua mkono wake.

"Moja," akasema, treni ilipopita mbele yake.

Kwenye mzunguko wa pili behewa la nyuma lilitikisika kidogo pale majarubani, na Nyamizi akajikuta ameshika ncha ya khanga yake. Halikuanguka. Pampu nje ilikuwa imesimama. Mzunguko wa tatu ukapita, pampu ikaendelea. Wa nne treni iliingia kona ya Malampaka kwa kasi ya betri mpya, ikainama, na majirani mlangoni wakainama nayo, ikatoka.

"Tano," Abdulrazak akasema.

Ikaendelea. Sita, saba. Hakuna aliyefikiria kuizima.

Stephania akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kukimbia neno lake, hilo hata Nyamizi hakuwahi kumnyima. "Nitaanzia hapahapa," akasema, "ili sokoni niwe nimeshazoea." Akasogea mezani, akashika ukingo wa mlango wa choo kwa mkono mmoja, akaanza kushuka.

Kwa umri wao kushuka si jambo la mara moja. Kuna pale kiuno kinapouliza kama una hakika, na kuna pale goti la kwanza linapokunjwa na la pili linasita kulifuata. Nyamizi alisimama wima, mikono imekunjwa tumboni, akijitahidi uso wake uwe uso wa mtu aliyezoea kuamkiwa. Kichwani alikuwa ameshaanza kuchagua namna ya kuitikia. Angeitikia polepole.

Stephania alipokaribia sakafu, macho yake yakawa sawasawa na reli. Akaacha kushuka.

"Mama Joyness. Kona yako imelala."

"Imelalaje?"

"Nje imeinuka, ndani imeshuka. Ukisimama huoni. Na ile ya kule hivyohivyo." Alifumba jicho moja, kama anayepima mstari wa matofali. "Umeifanya makusudi?"

"Makusudi."

"Ya nini?"

Nyamizi akaitazama kona. Treni ikapita, ikainama, ikaenda zake. Mtu aliyejenga kitu hujua kwa nini kiko kama kilivyo, na kama hajui, basi anatakiwa ajibu haraka.

"Ya maji," akasema. "Mvua ikinyesha maji yasituame kwenye reli. Yanateremka."

Stephania akainua macho yake kwenye paa. Abdulrazak naye akainua. Majirani mlangoni wakaingiza vichwa ndani ili nao waone. Lilikuwa bati zima, la mwaka juzi, halina tundu.

"Mvua," Stephania akasema. "Humu sebuleni."

"Reli hujengwa kwa kufikiria mbele."

Pampu nje ilikuwa imenyamaza kabisa. Stephania akageuza shingo kuelekea dirishani, bado ameshika ukingo, goti lake likiwa kidole kimoja juu ya sakafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi:

"Baba Precious, eti ni ya maji?"

Mtu akiulizwa na mama wa umri ule hujibu. Justine alilelewa vizuri, na huyu aliyeuliza hakuwa mkwe wake. Isitoshe alikuwa ameishi na kona za reli miaka kumi na moja, na hakuweza kuvumilia kusikia moja ikisingiziwa.

"Hapana, mama," sauti ikasema kutoka kwenye minyaa. "Ni ya mwendo. Treni ikiingia kona inataka kutupwa nje, kwa hiyo reli ya nje unaiinua kidogo ili iegemee ndani. Ila usiizidishe. Mimi nilianza na vipande viwili ikawa bado inatupa, ndipo nikaongeza cha..."

Kisha minyaa ikatikisika, kama kuna mtu aliyeinama ghafla nyuma yake.

Treni ikapita Malampaka tena. Abdulrazak akaikazia macho kama mtu aliyeajiriwa kuihesabu. Joyness, aliyekuwa anakusanya vikombe, akakumbuka kitu jikoni. Nyamizi akasawazisha mchanga wa kona kwa kidole, ingawa ulikuwa umeshasawazika.

Stephania akajisukuma kwa mkono, akasimama, akalikung'uta goti ambalo lilikuwa halijagusa sakafu.

"Tulisema mikono miwili," akamwambia Nyamizi. "Mimi hapa nahesabu minne."